Pima Kwanza, Kadi Baadaye



Leo nazungumzia kifaa kimoja kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani, ambacho wengi hatukijui mpaka siku kinapokufa. Ni kadi ya grafiksi. Kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Mhariri wa video za harusi anaitegemea, mchoraji wa ramani za nyumba anaitegemea, mwenye duka la kuchapa mabango na fulana anaitegemea, na kijana wa magemu ndiyo usiseme. Kadi hiyo ikifa, kompyuta huendelea kuwaka. Taa zinawaka, feni zinazunguka, ila skrini ni nyeusi tii. Wakati mwingine picha inakuja, lakini imejaa mistari na vidoti vya rangi visivyoeleweka. Na hapo hapo simu inaita: mwenye harusi anataka video yake.

Hapa katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Feri hadi Kariakoo, dawa ya ugonjwa huo inajulikana. Unalibeba kasha lako, unapita Posta, unaiacha Mnazi Mmoja nyuma, unavuka Mtaa wa Lumumba, na ukishaingia Kariakoo unaulizia kadi. Utaoneshwa. Mpya zipo, zilizotumika kutoka Dubai na Ulaya zipo, na zilizong'olewa kwenye mashine mbovu zipo pia. Unalipa, unafungiwa, unarudi kazini. Kisha, haupiti muda mrefu, skrini inazima tena, na safari hii akiba imeshakwisha.

Ninachotaka kukisema jioni ya leo ni hiki: hasara hiyo haianzi kwenye kadi. Inaanza pale tunapokataa kumlipa fundi kwa kazi ya kupima. Kitu tunachokishika mkononi tunakilipia bila kinyongo. Lakini kumlipa mtu aliyekaa saa nzima akitafuta chanzo cha tatizo, hapo tunaona tunaibiwa.

Simama kidogo kwenye meza ya fundi yeyote usikilize.

"Fundi, hii haioneshi. Shida nini?"

"Iache niipime, bosi."

"Kupima shilingi ngapi? Si unaangalia tu?"

Fundi anatabasamu, anasema haya, bure. Lakini anajua hesabu yake. Akisema kadi imekufa, atapata faida kwenye kadi atakayokutafutia. Akisema kadi yako ni nzima, ilikuwa imelegea tu kwenye sloti, ataambulia ahsante. Na ahsante hailipi pango la meza wala ada ya mtoto. Simlaumu fundi huyo. Ni sisi wateja tuliopanga kwamba riziki yake itoke kwenye kubadilisha vitu, naye anabadilisha vitu.

Kwenye afya, nchi yetu imeshaipita njia hii. Ilikuwepo miaka ambayo kila homa ilikuwa malaria, na mtu alimeza dawa bila kutolewa hata tone la damu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na leo kipimo cha haraka kinapatikana hata kwenye zahanati za vijijini. Tulikubali kwamba dawa nzuri ya ugonjwa ambao huna ni hasara. Kompyuta nayo inahitaji nidhamu hiyohiyo.

Sasa, kupima kwenyewe kukoje? Nikueleze nilichokishuhudia kwa fundi mmoja, Mtaa wa Aggrey. Alikuja dada mwenye duka la steshenari maeneo ya Feri, amebeba kasha lake kwenye mfuko wa salfeti, na fedha ya kadi anayo tayari. Skrini yake ilikuwa inatoa mistari ya kijani na zambarau. Fundi akamwambia, "Dada yangu, fedha yako ikae kwanza mfukoni. Kupima ni elfu kadhaa, na jibu nitakupa hata kama hakuna cha kubadilisha." Dada akasita, kisha akakubali.

Fundi akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kasha. Ndani mlikuwa na vumbi zito la kijivu, limegandamana kwa sababu ya unyevu. Akaing'oa kadi, akaigeuza kwenye mwanga. Ukingo ule unaoingia kwenye sloti, ambao una vijino vyembamba vya dhahabu, ulikuwa na madoa ya kijani. Akavisugua vijino kwa kifutio cha penseli taratibu, akavipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akasubiri vikauke, akairudisha kadi. Mistari bado ipo. Na ilikuwepo tangu nembo ya kwanza ya mashine ilipotokea, kabla hata Windows haijaanza kupakia. Dalili hiyo ina maana kubwa: mistari ikitokea baada ya Windows kufunguka tu, shida inaweza kuwa draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na draiva unaisakinisha upya bila kununua kitu. Ikiwepo tangu mwanzo, hitilafu iko kwenye chuma chenyewe.

Akaing'oa tena, akachomeka waya wa skrini nyuma ya mazabodi, kwa sababu prosesa ya mashine ile ina grafiksi yake ya ndani. Picha ikaja safi. Kumbe mazabodi ni nzima, ramu ni nzima, skrini na waya wake ni vizima. Akaichukua kadi, akaipachika kwenye mashine yake ya majaribio. Mistari ileile ikajitokeza. Hapo ndipo aliposema kwa uhakika: kadi imekufa.

Wengi wangeishia hapo. Yeye akauliza swali lililonifanya nimheshimu: "Sasa kilichoiua ni nini?" Akachukua mita, akapima waya wa njano wa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, huku mashine ikiwa inafanya kazi. Waya huo unatakiwa kutoa volti 12, na kiwango kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Wake ulikuwa chini ya hapo, tena unapanda na kushuka. Alipochungulia ndani ya pawa saplai kwa tochi, kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Dada yule angenunua kadi mpya siku hiyo na kuirudishia pawa saplai ileile, angekuwa ameipeleka kadi ya pili kwa muuaji wa ile ya kwanza.

Msikilizaji, wauaji wa kadi katika maeneo yetu tunawafahamu. Wa kwanza ni umeme. Mgawo uliotusumbua mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 umepungua, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipowasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024. Lakini kadi haihitaji mgawo wa saa nane ili ife. Inatosha umeme ukatike ghafla, kisha urudi kwa kishindo wakati majokofu na viyoyozi vya mtaa mzima vinawaka kwa pamoja. Tunafunga frijigadi kwenye jokofu la soda, halafu kompyuta inayolisha familia tunaichomeka kwenye ekstensheni ya kuokoteza! Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, na ukirudi subiri dakika chache utulie. Ukiweza, nunua stabilaiza au UPS inayolingana na mzigo wa mashine yako.

Muuaji wa pili ni hewa ya kwetu. Feri ni mahali pa chumvi. Upepo unaoleta harufu ya samaki wa soko la Magogoni na kuvisukuma vivuko kuelekea Kigamboni ndio huohuo unaoingia dukani mwako. Chumvi na unyevu vikikutana na vumbi la barabarani, vinatengeneza tabaka linalokula shaba na kushika feni. Feni ya kadi ikipunguza mwendo, chipu inachemka. Pesti iliyopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea nayo hukauka kwa miaka, ikawa kama chokaa. Hayo mawili, feni na pesti, yanatibika kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kadi. Fundi akikuambia kadi inazima baada ya nusu saa ya kazi, mwombe aangalie hayo kabla ya jingine lolote. Na mashine iliyoko karibu na bahari isafishwe kwa brashi na mashine ya upepo kila baada ya miezi michache.

Kuna dawa moja inayopendwa vichochoroni ambayo lazima niitaje. Kadi inapigwa upepo wa moto, au hata inawekwa kwenye ovena, na baada ya hapo inawaka. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Baada ya siku kadhaa imezima tena. Sababu inajulikana. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipozuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, viwanda vilihamia lehemu isiyo na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi kama 217 za Selsiasi, ilhali ile ya zamani iliyeyuka kwenye 183. Lakini mara nyingi ufa wenyewe hauko kwenye lehemu inayoishikilia chipu kwenye bodi. Uko ndani zaidi, kwenye viungo vidogo mno vinavyoiunganisha chipu na kibao chake. Moto unavifanya vitanuke na kugusana kwa muda, na hapo hakuna kilichopona. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA yenyewe ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa namna hiyo. Mtengenezaji alitenga mamilioni, sisi tunaambiwa dakika tano za moto zinatosha. Fundi mwaminifu atakuambia wazi: naweza kuipiga moto ili uokoe kazi yako ya leo, lakini kesho usiitegemee.

Basi tuseme umepima, kadi imekufa kweli, na aliyeiua umeshamdhibiti. Sasa ndipo unanunua. Na hapa pia kupima kunaendelea, safari hii unaipima kadi kwa mashine yako.

Kompyuta nyingi za maofisini zinazouzwa Kariakoo kama mtumba ni zile nyembamba za Dell na HP. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya kasha dogo. Pawa saplai yake ni ya wati 240 kwa mashine nzima, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Umeme wote unaoliwa na kadi lazima utoke kwenye sloti, na sloti kwa viwango vyake haitoi zaidi ya wati 75. Kwa mashine kama hiyo, kadi fupi ya GT 1030 yenye wati 30 inakaa kwa raha. Kadi kubwa inayodai waya wa pini sita au nane haiko kwenye hesabu, hata uipende vipi. Utaambiwa ipo adapta ya kuunganisha kutoka waya wa hadi diski. Ikatae. Plagi ya waya huo, iitwayo SATA, imepangiwa kubeba wati 54 kwenye upande wa volti 12. Ukiifunga kadi inayotaka zaidi ya hapo, plastiki inayeyuka, na moto wa duka huanza kwa harufu ndogo kama hiyo. Kariakoo haihitaji kufundishwa moto ni nini. Julai 2021 tuliona soko letu kuu likiungua.

Jambo la pili ni umri. Kadi inaweza kuwa kwenye boksi jipya, nailoni haijachanwa, na bado ikawa kongwe kuliko ile iliyokufa. GT 710 bado inauzwa mpya, lakini imejengwa kwa chipu ya kizazi cha Kepler, na kizazi hicho NVIDIA ilikiondoa kwenye draiva zake mpya za kawaida mwaka 2021. Kwa kuandika barua na kuchapa picha za pasipoti inatosha. Kwa mhariri wa video ni kurudi nyuma.

La tatu ni ughushi. Kwa miaka kadhaa soko la dunia limeingizwa kadi zinazojiita GTX 1050 Ti, kumbe ndani ni chipu ya zamani kabisa iliyobadilishwa programu ili ijitaje kwa jina la uongo. Ipo alama moja ya kukumbuka: kizazi cha 1050 Ti hakitoi picha kwa njia ya VGA, ile plagi ya buluu yenye pini 15. Ukioneshwa 1050 Ti yenye tundu la VGA, rudisha, shukuru, ondoka. Njia nyingine ni programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 inaweza kuzitambua nyingi za namna hiyo na kuziandika wazi kuwa ni bandia. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako.

Halafu zipo kadi zilizotumikishwa kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo uliohitaji kadi hizo, na kadi nyingi zikamiminika kwenye masoko ya mitumba duniani. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, ila feni na pesti zake zimefanya kazi ya miaka. Ifanyie kazi nzito pale pale kwa robo saa, uangalie joto linaishia wapi na kama picha inabaki safi.

Muuzaji akikukatalia majaribio hayo, msikilizaji, ameshakujibu. Wapo Kariakoo wanaokubali, tena wameweka mashine ya majaribio juu ya kaunta. Hao ndio wa kupelekewa fedha, hata kama bei yao imezidi kidogo. Na ukilipa dai risiti ya EFD, kisha muuzaji aandike jina kamili la kadi, namba yake ya kiwandani na muda wa dhamana. Kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakimpi mtu ruhusa ya kukuuzia kitu kwa jina la kingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Lakini huwezi kudai haki kwa maneno matupu. Unahitaji karatasi.

Kwa nini naliongelea jambo hili kwa uzito huu, wakati ni kadi tu? Kwa sababu kila kadi iliyonunuliwa kimakosa ni dola iliyotoka nchini bila kurudisha kitu, na ile iliyotupwa bila kupimwa inaishia kwa wachoma waya au kwenye dampo la Pugu, moshi wake tukauvuta wote. Na kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya uzoefu mchungu wa kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mashine. Mashine ilikuwepo, wajuzi wa kutosha wa kuiendesha na kuisimamia hawakuwepo. Leo mashine zimejaa Kariakoo pomoni, na wajuzi tunao: wapo vijana waliotoka Taasisi ya Teknolojia pale DIT, waliotoka VETA, na waliojifunza mezani kwa kaka zao. Kilichobaki ni kuuthamini ujuzi huo kwa shilingi.

Basi nina maombi matatu. Ndugu fundi, andika bei ya kupima ukutani kwako, na kila unayempimia mpe karatasi yenye mistari mitatu: nimekuta nini, kimesababishwa na nini, nashauri nini. Usione haya kutoza, hiyo ndiyo kazi yako kubwa kuliko kukaza skrubu. Ndugu muuzaji, weka mashine ya majaribio kwenye kaunta, kwa sababu mteja aliyejaribu akaridhika hurudi na wenzake. Nawe mteja mwenzangu, fundi akikuambia kadi yako haina shida, mlipe kwa mikono miwili. Amekuokolea bei ya kadi nzima, na ukimlipa kwa ukweli, kesho hatakuwa na sababu ya kukuuzia uongo.

Dada yule wa steshenari alilipa kupima, akanunua pawa saplai, na kadi ndogo inayolingana na kasha lake, iliyojaribiwa mbele ya macho yake. Alitumia fedha zaidi ya alizokusudia siku ile. Lakini alijua kila shilingi imekwenda wapi, na hicho ndicho ninachomtakia kila mwenye kompyuta katika jiji hili.